Chaplin aligoma, Mabel akasahaulika

Ukitaja vichekesho vya zamani visivyo na sauti, kila mtu anakuambia Charlie Chaplin. Kofia, fimbo, suruali kubwa, mwendo wa bata. Sawa. Lakini hebu niwaulize, nani aliongoza filamu ya kwanza kupigwa akiwa amevaa hizo nguo?

Ni dem. Anaitwa Mabel Normand, na filamu ni Mabel's Strange Predicament ya 1914.

Wakati huo Mabel ndiye aliyekuwa nyota wa Keystone, studio iliyoanzishwa na Mack Sennett 1912. Kule kazi ilikuwa mbio: filamu ya dakika kumi na kitu, polisi wanafukuzana, watu wanaanguka, kesho mnaanza ingine. Mabel alikuwa anaanguka kama wanaume, na bado anaongoza. Chaplin ndiye alikuwa mgeni. Wote wawili hawakuwa wamefika miaka 25.

Halafu wakakosana wakipiga Mabel at the Wheel. Chaplin mwenyewe anasimulia kwenye kitabu cha maisha yake. Alitaka kuongeza utani wa mpira wa maji: akanyage mpira, maji yakatike, achungulie mdomo wake, atoe mguu, arushiwe usoni. Mabel akasema hakuna muda. Jamaa akaenda akaketi kando ya barabara, akagoma. Kuongozwa na msichana ilikuwa imemkalia vibaya.

Sasa hapa ndipo mimi nashikwa na hasira kidogo. Huo utani haukuwa mpya! Lumière wa Ufaransa walikuwa wameshaupiga mwaka wa 1895, miaka 19 nyuma. Kwa hivyo pengine Mabel alikuwa sahihi, si ndio? Lakini hadithi hii inatoka mdomoni mwa Chaplin. Mabel alikufa kwa kifua kikuu 1930, kitabu cha Chaplin kikatoka 1964. Angemjibu saa ngapi?

Sennett alikuja juu, karibu amfukuze. Kisha habari ikafika kutoka New York kwamba filamu za Chaplin zinauzwa sana, waletewe zingine. Ghafla bosi akawa mpole. Chaplin akaomba aongoze zake mwenyewe, akapewa.

Simchukii Charlie, jamaa alikuwa moto. Lakini filamu zote mbili ziko bure mtandaoni. Fungua Mabel at the Wheel, na kwa mara moja tu usimwangalie Chaplin. Mwangalie huyo dem kwenye gari la mashindano.