Chura Aliyepanda Ndege Akaenda New York

Wasee, stima ikipotea huwa mnalaumu nani? Mimi hulaumu kila mtu. Lakini kuna chura Tanzania ambaye stima iliporudi, ndipo shida zake zilianza.

Anaitwa chura wa Kihansi. (Jina la kisayansi tuachie wenye digrii, mimi niliacha chuo mwaka wa pili.) Rangi yake ni kama dhahabu, mkubwa kabisa hafiki sentimita 3, na hatagi mayai kama vyura tunaowajua. Anazaa, na watoto wanatoka wakiwa vyura kamili. Duniani kote alikuwa na makao mamoja tu: bonde la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, pale maporomoko yanarusha manyunyu usiku na mchana. Kama hekta 2 hivi. Viwanja vitatu vya mpira, basi.

Wanasayansi walimpata 1996, na bwawa la stima lilikuwa tayari linajengwa huko juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Yaani alijulikana akiwa ashahukumiwa. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwa mitambo, karibu asilimia 90, na manyunyu yakakauka. Mwisho wa mwaka huo vyura karibu 500 wakapandishwa ndege hadi Bronx, New York. Mimi sijapanda hata ya Kisumu.

Sasa, wengi mtandaoni husema bwawa liliua chura, kwisha. Si rahisi hivyo. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa bondeni na vyura wakaongezeka tena, wakawa maelfu. Halafu 2003 wakaanguka ghafla, na kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura akapatikana kwao. Wataalamu bado wanabishana nini hasa kiliwamaliza. 2009 wakatangazwa wametoweka porini.

Sisemi Tanzania ingekaa gizani. Megawati 180 si mchezo, na ni rahisi kulilia chura ukiwa na simu imejaa chaji. Kinachoniuma ni mpangilio: mkopo kwanza, saruji kwanza, halafu ndio mtu anauliza, "Kwani hapa nani anaishi?"

2010 vyura 100 waliozaliwa Marekani walirudishwa Dar es Salaam, wakafugwa chuo kikuu. Miaka miwili baadaye wakaanza kurudishwa Kihansi, wakapokelewa na manyunyu ya mabomba.