Ziara ya miguu katika Mji Mkongwe wa Tallinn

Ziara ya miguu katika Mji Mkongwe wa Tallinn ni matembezi yanayoongozwa katika sehemu ya kale ya mji mkuu wa Estonia, bandari ya Bahari ya Baltiki iliyo kusini mwa Ghuba ya Ufini. Kwa kawaida huchukua saa mbili hadi tatu, huanzia Lango la Viru au uwanja wa soko la zamani, na mara nyingi hupanda hadi kilima cha Toompea. Njia hufuata mitaa ya wafanyabiashara wa Zama za Kati. Kwa sababu hiyo mgeni husikia mengi kuhusu matajiri wa Kijerumani waliojenga kwa mawe, na machache kuhusu wapagazi, wavuvi na watumishi wa Kiestonia ambao hawakuacha majumba. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997.

Historia ya mji

Baadhi ya wanahistoria huona dalili ya kwanza ya mji huu katika kitabu cha al-Idrisi cha mwaka 1154, mwanajiografia yuleyule aliyeandika habari za pwani ya Zanj, wengine wanapinga. Lisilopingwa ni kwamba mwaka 1219 Mfalme Valdemar wa Pili wa Denmark aliteka ngome ya Waestonia iliyokuwa kilimani. Mwaka 1248 mji ulipewa sheria za mji wa Kijerumani wa Lübeck, na mwaka 1285 ukajiunga na Shirikisho la Hansa, umoja wa miji ya biashara. Kufuatia maasi makubwa ya Waestonia yaliyoanza 1343, Denmark iliuza eneo lote la kaskazini mwaka 1346 kwa Shirika la Wateutoni, udugu wa kidini na kijeshi wa Kijerumani, kwa marki 19,000 za fedha.

Uswidi ilitawala kuanzia 1561, na Urusi kuanzia 1710, mji uliposalimu amri huku tauni ikiendelea kuua watu. Estonia ilijitangazia uhuru tarehe 24 Februari 1918, ikamezwa na Umoja wa Kisovyeti mwaka 1940, ikatawaliwa na Ujerumani wakati wa vita, na ikarudisha uhuru wake tarehe 20 Agosti 1991. Karibu karne zote hizo mji ulijulikana nje kwa jina la Reval.

Biashara ya Hansa

Utajiri unaoonekana njiani ulitokana na nafasi ya mji kwenye njia ya kwenda Novgorod, soko kuu la Warusi. Kutoka mashariki zilikuja nta na ngozi zenye manyoya. Kutoka magharibi vitambaa, samaki wa heringi na, zaidi ya yote, chumvi. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo na jua la kaskazini halitoshi kuyakausha, hivyo chumvi ililetwa kwa meli kutoka Ujerumani na baadaye kutoka pwani za Ufaransa na Ureno. Bila chumvi samaki na nyama havikuweza kukaa hadi mwisho wa majira ya baridi. Wafanyabiashara wa mji walipigania haki ya kuwa katikati ya kila ununuzi, mgeni asiuziane moja kwa moja na mgeni mwenzake, na wenyeji husema hadi leo kwamba Tallinn ilijengwa juu ya chumvi.

Nyumba za wakati huo zilikuwa ghala na makazi kwa pamoja. Mfano unaoonyeshwa mara nyingi ni Dada Watatu, majumba matatu ya karne ya 15 yaliyobanana mwishoni mwa Mtaa wa Pikk. Chini palikuwa na ukumbi wa kupokea wateja na nyuma yake chumba chenye joto cha familia. Ghorofa za juu ziliwekwa bidhaa. Mtalii akiinua macho huona boriti iliyochomoza kwenye paa: hapo ndipo kapi lilipofungwa, na magunia yakavutwa kwa kamba hadi kwenye milango midogo ya ghala, bila kupitishwa ndani ya nyumba. Mwaka 1494 Ivan wa Tatu wa Moscow alifunga kituo cha Wahansa mjini Novgorod, na faida ya awali haikurudi kikamilifu.

Njia ya ziara: mji wa chini

*Ukuta na minara.* Karibu kilomita mbili za ukuta wa mawe ya chokaa bado zimesimama, pamoja na minara zaidi ya 20 kati ya 40 na ushei iliyokuwepo. Lango la Viru limebaki na minara yake miwili ya mbele tu. Mnara wa Kiek in de Kök, wenye urefu wa mita 38, una risasi za mizinga zilizonasa ukutani tangu mji ulipozingirwa na majeshi ya Ivan wa Kutisha mwaka 1577. Upande wa bandari uko Margareta Mnene, mnara wa karne ya 16 wenye kipenyo cha mita 25 na kuta za unene unaofikia mita 5. Sasa ni jumba la makumbusho ya bahari, na ndani yake imewekwa meli ya mizigo ya karne ya 14 iliyofukuliwa mwaka 2015 katika kiwanja cha ujenzi. Karibu na mnara huo upo ukumbusho wa feri Estonia, iliyozama tarehe 28 Septemba 1994 ikiwa na watu ambao 852 kati yao walipoteza maisha.

*Uwanja wa Halmashauri.* Jumba la Halmashauri, lililokamilika mwaka 1404, ni jengo adhimu la mtindo wa Kigothi na ndilo pekee la aina yake na umri wake lililosalia zima katika Ulaya ya Kaskazini. Juu ya mnara husimama Toomas Mzee, mlinzi wa chuma anayeonyesha uelekeo wa upepo tangu 1530. Aliyepo sasa ni mrithi, kwa kuwa wa kwanza aliharibiwa na mabomu mwaka 1944. Chini, kwenye nguzo ya varanda, bado inaning'inia pingu ya shingo waliyofungwa wakosaji siku za soko ili watu wawacheke. Mifereji ya maji ya mvua pembeni mwa paa imetengenezwa kwa umbo la vichwa vya joka.

Kona ya uwanja ipo Duka la Dawa la Halmashauri, lililotajwa katika hati za 1422 na ambalo bado linauza dawa. Kwa zaidi ya miaka 300 liliendeshwa na ukoo mmoja, Burchart, ambao mzaliwa wa kwanza wa kiume aliitwa Johann kizazi hadi kizazi. Zamani rafu zake zilikuwa na vyura waliokaushwa, nyuki waliochomwa na unga ulioaminika kuwa wa pembe ya mnyama nyati-farasi wa hadithi. Liliuza pia marzipani, tamtam ya lozi na sukari, iliyohesabiwa kuwa dawa. Tallinn na Lübeck zote hudai kuwa chimbuko lake.

*Makanisa.* Kanisa la Roho Mtakatifu lina saa ya kuchongwa ya mwaka 1684, kazi ya Christian Ackermann, na altare ya msanii Bernt Notke ya 1483. Lilikuwa kanisa la watu wa kawaida, na mahubiri ya Kiestonia yalisikika humo mapema. Ni miongoni mwa vituo vichache ambapo Waestonia wa zamani hutajwa.

Niguliste, kanisa la Mtakatifu Nikolai, liliteketea katika shambulio la ndege za Kisovyeti usiku wa tarehe 9 Machi 1944. Lilijengwa upya na sasa ni makumbusho na ukumbi wa muziki. Ndani yake kuna kipande cha mchoro wa Notke unaoonyesha Mauti ikicheza na papa, kaizari na mfalme. Mwaka 1524, vijana wa Mageuzi ya Kiprotestanti walipokuwa wakivunja sanamu mjini, inasimuliwa kwamba msimamizi wa Niguliste alimimina risasi iliyoyeyushwa katika makufuli, wakashindwa kuingia.

Oleviste, lenye mnara wa mita 123.8, lilipigwa radi mara nyingi. Dai kwamba liliwahi kuwa jengo refu kuliko yote duniani halikubaliwi tena na wataalamu wengi. Enzi za Kisovyeti mnara ulitumiwa na KGB, idara ya usalama ya Kisovyeti, kwa mitambo ya redio.

*Mtaa wa Pikk.* Namba 17 ni ukumbi wa Chama Kikuu cha wafanyabiashara waliooa, uliokamilika 1410. Namba 59 ilikuwa makao ya KGB. Madirisha ya chini ya ardhi yalizibwa kwa matofali, na wenyeji walitania kwamba hilo ndilo jengo refu kuliko yote mjini, kwani hata kutoka chumba cha chini mtu aliiona Siberia.

Waafrika katika historia ya mji

Mlango wa Jumba la Vichwa Vyeusi, Pikk namba 26, una sanamu ya kichwa cha mtu mweusi aliyevaa kilemba cha kitambaa. Huyo ni Mtakatifu Maurice, ambaye mapokeo humtaja kuwa kamanda wa Kirumi kutoka Misri, na ambaye wasanii wa Kijerumani walianza kumchora kama Mwafrika katika karne ya 13. Alikuwa msimamizi wa udugu wa wafanyabiashara makapera uliotajwa mwaka 1399. Mwanachama akioa, alihamia Chama Kikuu. Udugu wa aina hii ulikuwepo tu katika miji ya Estonia na Latvia ya leo. Uso wa mbele wa jumba uliwekwa mwaka 1597 na Arent Passer. Udugu ulivunjwa mwaka 1940.

Abram Petrovich Gannibal alikuwa Mwafrika wa kweli, si wa kuchongwa. Alichukuliwa utotoni hadi Istanbul, akapelekwa kwa Kaizari Petro wa Kwanza wa Urusi, akasomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, na kuanzia 1742 hadi 1752 alikuwa kamanda mkuu wa Reval. Watafiti hubishana kama alitoka Eritrea ya leo au kaskazini mwa Kamerun. Mshairi Aleksandr Pushkin alikuwa kitukuu chake.

Toompea

Kilima kilikuwa makao ya watawala, maaskofu na makabaila, chenye sheria zake mbali na mji wa chini hadi karne ya 19. Juu yake kuna ngome lilimo Bunge, mnara wa Hermann Mrefu ambapo bendera ya taifa hupandishwa jua linapochomoza, na Kanisa Kuu la Alexander Nevsky (1894–1900), la Kiorthodoksi, lililowekwa makusudi mbele ya ngome kuonyesha nguvu za Urusi. Katika Kanisa Kuu la Kilutheri amezikwa Adam Johann von Krusenstern, aliyeongoza safari ya kwanza ya Warusi kuzunguka dunia (1803–1806).

Simulizi

Barabara mbili za kupanda kilimani huitwa Mguu Mrefu na Mguu Mfupi, ndiyo maana husemwa kuwa mji unachechemea. Simulizi nyingine ni ya mzee wa Ziwa Ülemiste, anayetoka usiku kuuliza kama ujenzi wa mji umekwisha. Lazima ajibiwe bado, la sivyo ataufurikisha.

Taratibu

Zipo ziara za kulipia na zisizo na ada, ambazo mwongozaji hutegemea bakshishi. Barabara ni za mawe ya mviringo, huteleza wakati wa barafu, na zinawapa taabu wanaotumia viti vya magurudumu. Kiangazi ndicho msimu wa wageni wengi.

Hali ya sasa

Wageni wengi hufika kwa meli za kitalii au kwa feri kutoka Helsinki, umbali wa takriban kilomita 80. Vibanda vya njiani huuza kaharabu, sweta za sufu na marzipani. Mwaka 2011 Tallinn ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya pamoja na Turku ya Ufini, na mwaka huohuo Estonia ilianza kutumia yuro.