Jina na Hukumu Yake: Usuli wa Kihistoria wa Filamu ya Togetherness Supreme

Asiyeijua historia ya Kibera, mtaa ulio kusini-magharibi mwa kitovu cha Nairobi, ataudhani mgogoro wa filamu ya Togetherness Supreme (2010) kuwa wivu wa mapenzi tu. Vijana wawili, Kamau na Otieno, wanampenda Alice, binti wa mhubiri. Kwa mtazamaji wa Nairobi, hata hivyo, majina hayo ni maelezo kamili: Mkikuyu na Mjaluo, wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007.

Kibera ilianza kama makao ya askari wa Kinubi wa jeshi la KAR. Baadaye wakaja watu wa makabila mengi kutafuta kazi mjini. Watoto wao walikua wakizungumza lugha moja ya mtaani. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, jina liligeuka hukumu. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya mapatano ya 28 Februari 2008.

Kwa maoni yetu, uzito wa filamu hii umo katika utayarishaji wake. Mwelekezi, Nathan Collett, ni Mmarekani; lakini alifanya kazi na vijana wa Kibera, na ghasia zikaigizwa mahali zilipotokea. Je, huko si kutonesha kidonda? Hatudhani hivyo. Kijana aigizaye adui wa jirani yake sharti kwanza aketi naye, wayapime pamoja maneno ya ugomvi. Kikao hicho ni upatanisho ambao hadithi peke yake isingeweza kuuleta.