Umezuia matangazo kwenye ruta, mbona bado yanatokea?

Kwenye fremu nyingi za Kariakoo ruta moja inabeba simu za watu wote dukani, na bando likikata mapema matangazo ndiyo hulaumiwa. Njia rahisi ya kuyazuia kwenye vifaa vyote ni kubadili DNS, yaani kitabu cha anwani cha intaneti, ndani ya ruta. AdGuard wanatoa yao bure: 94.140.14.14 na 94.140.15.15. (Hii si VPN, zile ambazo TCRA ilitaka zisajiliwe Oktoba 2023.)

Kosa la kwanza ni kuchanganya. Mtu anajaza namba moja ya AdGuard, ya pili anaweka 8.8.8.8 ya Google "kama akiba". Simu inaweza kuiuliza hiyo ya pili muda wowote, na matangazo yanapenya. Zote mbili ziwe za AdGuard. Ruta ikiwa na IPv6, nako jaza za AdGuard au uizime.

Simu nayo inaweza kuipita ruta kimyakimya. Angalia DNS ya faragha kwenye Android 9 na kuendelea, na DNS salama kwenye Chrome, kama zimewekewa mtoa huduma mwingine. Kisha zima Wi-Fi uwashe tena.

Ya YouTube yasahau. Yanatoka kwenye seva zilezile za video.

Ruta imefungwa, sehemu ya DNS haionekani? Weka dns.adguard-dns.com kwenye DNS ya faragha ya kila simu. Na app ya malipo ikigoma ghafla, rudisha DNS ya zamani ujaribu kabla ya kumgombeza fundi.