Kovu Halina Mdomo
Sehemu ya Tano

ILIPOISHIA: Mimba ya pili ya Mwanahawa imefika wiki ya 36. Yuko kliniki ng'ambo ya mto Pangani, amepandisha gauni, daktari ameliangalia kovu la uzazi wa kwanza kisha akamuuliza swali moja ambalo yeye na mumewe, Baba Zuhura, wote walikosa jibu lake. Wakati huohuo, kijijini Kipumbwi, mavyaa wake, Bi Kibibi, amemtuma mtu porini kuchimba mizizi.

SASA ENDELEA...

"Nakuuliza tena, mama. Ndani walikukata vipi?"

"Si hilo unaliona, daktari? La kulala, huku chini."

"Hilo ni la ngozi. Ngozi ina mkato wake, na mji wa mimba una wake. Naweza kukuta ngozi imekatwa kwa kulala vizuri kabisa, kumbe ndani kisu kilipanda juu. Kovu halina mdomo. Anayejua ni aliyekukata, na karatasi aliyoandika usiku ule."

Baba Zuhura akachomoa bahasha ya kaki mfukoni. Karatasi ya ruhusa kutoka hospitali moja ya Dar es Salaam, aliyoitunza miaka mitatu ndani ya sanduku la nyavu. Daktari akaisoma. Mama amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, kilo 3.4, hali zao nzuri. Basi. Mhuri ulichukua nafasi kubwa kuliko maneno.

"Hii inaniambia mlitoka hai," alisema daktari. "Haniambii mtu hapa kwa nini walimpasua, wala vipi."

Sista Rehema, mkunga mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akavuta stuli akakaa karibu na kitanda. Yeye hakushika kalamu.

"Mama Zuhura, hebu nisimulie usiku ule. Usiruke kitu."

Mwanahawa akasimulia. Uchungu ulianza Alhamisi, mtoto akatolewa Jumamosi alfajiri. Waliambiwa njia imefunguka yote, sentimita 10, asukume. Akasukuma mpaka akaona nyota. Kichwa hakikushuka wala hakikurudi. Alipopelekwa chumba cha upasuaji alichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo hakusikia maumivu, ila masikio yalikuwa yake. Alimsikia mtu akisema, "Kimejichimbia." Akasikia mwingine akiitwa aje asukume kwa chini. Halafu kelele nyingi, na muda mrefu bila kilio cha mtoto.

Sista Rehema na daktari wakatazamana. Lilikuwa jicho la mara moja tu, lakini Mwanahawa alilinasa.

"Mbona mnatazamana?"

Daktari hakumficha. Kichwa kikishazama nyongani namna ile, alimweleza, kumtoa mtoto kwa juu huwa kazi nzito. Mara nyingi hutoka kwenye mkato uleule wa kulala. Mara nyingine daktari hulazimika kuongeza mkato kuelekea juu, apate nafasi ya kumvuta mtoto kwa miguu. "Sijui kwako walifanya lipi. Ndiyo maana naitaka karatasi ya chumba cha upasuaji, siyo hii ya kuagana."

"Na kama ni wa kulala tu?"

"Kama ni wa kulala, wa chini, na ni mmoja, una haki kabisa ya kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Katika wanawake 10 wanaojaribu, 7 hivi hufanikiwa. Mtoto huyu kageuka vizuri, kichwa chini, na umepumzika miaka mitatu. Hayo yanakusaidia. Sababu ya mara ya kwanza, kukwama, haikusaidii sana. Kovu kuachia wakati wa uchungu humtokea mmoja katika 200 hivi."

"Huyo mmoja," alisema Mwanahawa, "anakuwaje?"

Wanaume wengi wenye koti jeupe wangesema usijali. Huyu alivuta pumzi. "Huyo anatakiwa awe mezani ndani ya dakika, siyo saa. Akichelewa, mtoto anakufa, na mama anaweza kupoteza kizazi au uhai. Kwa hiyo mwenye kovu hazalii zahanati, hata kama nesi wa zahanati ni hodari kuliko mimi. Pale hapana thieta, hapana damu, hapana mtu wa usingizi."

"Na kama kisu kilipanda juu?"

"Hapo hatujaribu. Tunakupangia siku, unakuja kwa miguu yako kabla uchungu haujaanza."

Wakati wanaondoka, Sista Rehema aliwasindikiza hadi kwenye mwembe wa getini. Akampa namba yake ya simu na masharti. Wiki ya 38 isimkute Kipumbwi, ahamie kwa ndugu upande huu wa mto. Asinywe dawa yoyote ya kuongeza uchungu, ya hospitali ya mtu binafsi wala ya mti, maana kovu halijui kama kinacholivuta ni kidonge au mzizi. "Na uchungu wa kawaida huja ukaondoka, unapata kupumua. Ukikosa nafasi ya kupumua, au ukikatika ghafla na mtoto bado yumo, au bega likakuuma bila kubeba kitu, usingoje kuche."

Halafu akauliza jambo ambalo kwa miezi minane hakuna aliyeliuliza, si mume, si mavyaa, si mama mzazi kule Muheza.

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

Mwanahawa alifungua mdomo, akaufunga. Jibu lilimjia kwenye kivuko, katikati ya mto, injini inanguruma na pikipiki zimebanana ubavuni mwake.

"Nataka kujaribu," alimwambia mumewe. "Safari ile nilimwona Zuhura kesho yake. Kidonda kikatunga usaha, mwezi mzima siwezi kuinama kuchota maji. Nataka huyu nimshike akiwa bado na joto langu. Lakini siku mbili zile, Baba Zuhura, sizirudii. Wakiona haendi, wanipasue, mtu asilete maneno ya ujasiri."

Mumewe alitazama maji. Alikuwa anapiga hesabu ya nauli ya Athumani, mdogo wake wa Dar, ya kumpeleka hospitali ile kutafuta faili. Serikali inasema uzazi ni bure katika hospitali zake. Baba Zuhura alishawahi kununua vitu vingi vya bure.

* * *

Najua wako wasomaji wanaotaka huyu mavyaa akomeshwe. Subirini kwanza mjue alikotoka.

Bi Kibibi alikuwa na mtoto wa dada yake, Mwanakombo, ambaye alimlea kama wake. Mwanakombo alipasuliwa mara tatu. Mimba ya nne, kondo la nyuma likajishika palepale kwenye kovu, likaota ndani yake badala ya kubanduka. Walimwongezea damu ya watu saba. Ya nane ilipofika, haikuhitajika tena. Bi Kibibi ndiye aliyemwosha.

Kwa hiyo aliposikia neno kisu, hakusikia mambo ya wazungu wala uvivu wa kusukuma, kama majirani walivyodhani. Alisikia Mwanakombo. Na alikuwa na hoja, hilo tusimnyime, kwani kila upasuaji unaoongezeka huzidisha hatari ya kondo kujishika kwenye kovu, na mwanawe alikuwa anataka watoto watano. Daktari yeyote angekubaliana naye hapo. Angeachana naye pale alipoamua kwamba njia ya kumwokoa mkaza mwana na kisu ni kuuharakisha uchungu, mtoto atoke kabla gari halijapatikana.

"Mama, wamenikataza mizizi," Mwanahawa alimwambia jioni ile.

"Nimesikia, mwanangu. Nimeshaitupa."

Chungu kweli kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa juu ya kichanja.

Athumani alikwenda hospitali siku ya kwanza, akaambiwa mwenye ufunguo wa stoo ya mafaili yuko likizo. Siku ya pili, mafaili ya mwaka ule yamehamishiwa jengo jingine. Siku ya tatu alikaa kwenye benchi toka asubuhi na chapati mbili mfukoni, akamwambia karani kwamba hatoki. Jioni akapiga simu, sauti inakatikakatika. "Kaka, limepatikana! Limeliwa na panya pembeni lakini linasomeka. Kesho wananiruhusu kupiga picha, nakutumia."

Keshokutwa yake ndiyo ilikuwa siku ya Mwanahawa kuhamia kwa shangazi yake Pangani mjini. Mabegi yalishafungwa: khanga doti mbili, beseni, pamba, glovu, kadi ya kliniki.

Mtoto hakuingoja.

* * *

Saa nne usiku wa kuamkia siku hiyo, kiuno kilianza. Saa tano Mwanahawa alikuwa ameshika nguzo ya ukumbini, anauma kanga. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga tangu asubuhi na bahari ilikuwa imechafuka. Hata Baba Zuhura, aliyezaliwa juu ya ngalawa, hakuthubutu kutaja njia ya maji. Akakimbilia kwa Mzee Bakari mwenye duka, kuazima gari.

Bi Kibibi alimkalisha mkwewe kwenye kitanda cha kamba, akampa kikombe. "Chai ya tangawizi. Utapata nguvu ya njia."

Ilikuwa na tangawizi, ndiyo. Nyingi mno. Mwanahawa aliimaliza kwa mafunda matatu kwa sababu kiu ilimkaba, na ladha ya chini yake hakuifikiria sana.

Gari liliondoka karibu na saa sita. Kabla hawajafika mashamba ya mkonge ya Mwera, uchungu ulibadilika tabia. Mwanzo ulikuwa unakuja, anauma kanga, unaondoka, anauliza kama Zuhura amefunikwa. Sasa ulikuwa haumpi nafasi ya kuuliza kitu. Ulikuja mmoja, na kabla haujashuka mwingine ukaupanda mgongoni.

"Punguza mashimo, Mzee Bakari!"

"Mwanangu, mashimo ndiyo barabara."

Bi Kibibi alikuwa nyuma, kichwa cha mkwewe mapajani pake. Alikuwa anasoma dua, na katikati ya dua alikuwa anasita, kama mtu aliyesahau aya anayoijua tangu utoto.

Walipoteremka Bweni, simu ya Baba Zuhura ilikamata mtandao wa mjini ng'ambo ikaanza kulia mfululizo. Picha moja, mbili, tano. Athumani alikuwa amezituma tangu adhuhuri. Karatasi ya rangi ya chai, maandishi yamelala upande mmoja, Kiingereza kitupu.

Akampigia Sista Rehema. Akapokea kabla ya mlio wa pili.

"Uko wapi?"

"Bweni, ukingoni. Uchungu umemshika. Na karatasi imefika, lakini sijui kusoma hii."

"Nitumie. Na wakati inakuja, niambie unachokiona. Kuna mchoro wowote?"

Baba Zuhura akaikuza picha kwa vidole vilivyotetemeka. Chini ya maandishi, mtu alikuwa amechora kitu kama kibuyu, na ndani ya kibuyu mistari miwili.

"Kuna mstari umelala. Na mwingine umesimama juu yake, katikati, unapanda. Kama herufi T iliyopinduliwa."

Sista Rehema alinyamaza kidogo. Alipoongea tena, hakuwa anaongea naye. Alikuwa anamwamsha mtu. "Mwite daktari. Mwite wa usingizi. Fungueni thieta, sasa hivi." Kisha akarudi kwenye simu. "Baba Zuhura, nisikilize. Huyu hatujaribu chochote. Kivuko kiko upande gani?"

Akainua macho. Taa ya kivuko ilikuwa upande wa pili, imetulia. Mzee Bakari alishaanza kupiga honi na kuwasha taa kubwa na kuzizima.

"Kiko kwenu."

"Namtuma mlinzi akawaamshe. Uchungu unapishana dakika ngapi?"

Aligeuka kuuliza. Mwanahawa alikuwa ameketi wima ndani ya gari, mkono juu ya tumbo, uso umelowa jasho lakini umelainika.

"Umekatika," alisema. "Ghafla tu. Siusikii tena."

"Alhamdulillahi!" Mzee Bakari alisema kutoka usukani.

"Ila bega," Mwanahawa aliendelea, polepole. "Baba Zuhura, mbona bega linaniuma?"

Kwenye simu, Sista Rehema alikuwa ameyasikia yote mawili. Sauti yake ilishuka.

"Tangu uchungu uanze, amekunywa kitu chochote?"

"Hapana, Sista. Chai tu."

Mkono wenye hina ukapita juu ya bega la Baba Zuhura, ukamnyang'anya simu.

"Sista," alisema Bi Kibibi, "usimsikilize huyu, hajui kitu. Nisikilize mimi."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO