Mafundi na Haki ya Kazi ya Mikono: Historia ya Mkataba wa Istisnai

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa zetu za biashara tunasomesha sana riba na mizani. Fundi, yaani mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake kisha akatafuta wa kumnunulia, tunamgusa kwa uchache, ilhali wanazuoni wamemzungumza kwa kirefu. Tumeona tuitazame historia hiyo, kwa sababu dhulma anayofanyiwa fundi ni ya zamani, na dawa yake nayo ni ya zamani.

Heshima ya ufundi haina shaka. Qur'ani inatueleza (21:80 na 34:10-11) kuwa Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma na akafundishwa kutengeneza deraya. Katika Hadithi ya Al-Miqdam (R.A.) aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kutokana na kazi ya mkono wake, akamtaja Daudi kuwa mfano. Muslim amepokea kuwa Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Na mama wa waumini Zainab bint Jahsh (R.A.) alikuwa akidabighi ngozi na kushona, kisha akatoa sadaka pato lake.

Lakini heshima haikumkinga fundi na dhulma. Khabbab bin Al-Arat (R.A.) alikuwa mhunzi Makka. Alimfanyia kazi Al-As bin Wail, na alipokwenda kudai haki yake aliambiwa hatolipwa mpaka amkanushe Muhammad (S.A.W.). Khabbab akajibu kuwa hatofanya hivyo hata Al-As afe na kufufuliwa. Al-As akafanya mzaha: basi angoje huko huko kwenye kufufuliwa, atakapokuwa na mali na watoto, ndipo atamlipa. Hapo zikateremka aya za Suratu Maryam (19:77-80).

Ndugu msomaji, tuizingatie hali ya Khabbab. Kazi imekwisha, na yeye hana kitu mkononi cha kumlazimishia mdaiwa. Huu ndio udhaifu wa kila fundi: jasho lake hutangulia, na malipo hufuata nyuma.

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya kuvunwa, kwa miaka miwili au mitatu mbele. Akaliruhusu hilo kwa sharti kuwa kipimo, uzito na muda vijulikane. Hii ndiyo salam. Ama kuagiza kitu kitengenezwe, Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliagiza pete, na mimbari yake ilitengenezwa na seremala aliyekuwa mtumwa wa mwanamke wa Kiansari. Agizo la namna hii ndilo lililoitwa istisnai.

Maimamu wakahitilafiana. Kwa Imamu Shafi (aliyefariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820 Miladia), kama kwa Malik na Ahmad, agizo hilo halisihi ila kwa masharti ya salam. Kwa Mashafi thamani yote ilipwe papo hapo kwenye kikao. Hanafi wakaliruhusu kwa istihsani, kwa kuwa watu wamelizoea na wanalihitaji, hata kama malipo yamecheleweshwa. Lakini kwa kauli ya Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150/767), mwagizaji akishakiona kitu ana hiari ya kukikataa.

Hapa ndipo fundi alipoumia. Seremala amenunua mbao, amechonga mlango kwa kipimo cha nyumba ya mtu, kisha mwenye nyumba anasema hautaki. Mlango ule nani mwingine ataununua? Kwa sababu ya madhara haya imepokewa kutoka kwa Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182/798) kuwa kitu kikiafikiana na sifa zilizotajwa, hakuna mwenye hiari ya kurudi nyuma. Kauli hiyo ndiyo iliyochukuliwa na Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyotungwa baina ya 1869 na 1876, katika kifungu cha 392. Na mwaka 1992, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha saba mjini Jeddah iliamua kuwa istisnai inawafunga pande zote mbili, madhali sifa za kitu na muda vimebainishwa, na kuwa malipo yanaweza kucheleweshwa au kutolewa kwa mafungu.

Sisi wa mwambao ni Mashafi, na mwanafunzi wa Minhaj ya Imamu Nawawi anajua kuwa hata salam ya khofu za ngozi imezuiwa, kwa kuwa vipande vyake haviwezi kudhibitiwa kwa maelezo. Lakini mlango mwingine upo wazi, nao ni ijara: mteja alete kitambaa au mbao zake, amkodi fundi kwa ujira maalumu. Hapo mali ni ya mteja tangu mwanzo, na ujira ni deni. Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, anayemtumia mtu kazi kisha asimpe ujira wake ni miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama.

Jambo la pili ni bei. Mwambao wetu umeuza kazi za mikono tangu kale. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 731/1331, ametaja nguo zilizofumwa pale na kupelekwa mpaka Misri. Ameeleza pia kuwa kila mfanyabiashara mgeni alifikia kwa mwenyeji aliyemuuzia na kumnunulia, na aliyenunua kwake kwa bei ya kumpunja, biashara yake ilikataliwa. Sheria nayo imekataza kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni, na aliyeuza hivyo ana hiari akishaijua bei. Basi mchuuzi anayemwendea nyumbani mama anayeshona kofia kwa mkono, akanunua kwa bei duni kwa kuwa mama hajui ya mjini, na aitafakari hekima ya katazo hilo.

Fundi naye ana wajibu. Al-Shaizari, katika kitabu chake cha hisba cha karne ya 6 Hijria, ameagiza kila ufundi uwe na arifu, mtu mwaminifu anayezijua hila zake. Amewataja wapaka rangi waliotumia hina mahali pa rangi nyekundu ya asli, nguo ikapendeza dukani na kubadilika ikipigwa na jua. Leo anayeuza kofia ya mashine kwa jina la kazi ya mkono amefanya ghushi ile ile, na amemuibia mnunuzi na mshonaji wa kweli kwa pamoja.

Tunawausia maimamu wayasomeshe haya. Na kila anayeagiza kazi aandike kipimo, sifa, muda na thamani, atangulize malipo awezapo, na amlipe fundi siku ile kazi inapokamilika.

Wallahu aalam.