Boma la Newala na Swali la Makumbusho

Ngome ya kale igeuzwapo makumbusho, kitu cha kwanza kinachoonyeshwa humo ni ukuta wenyewe, ingawa mara nyingi ndio usioandikiwa maelezo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon. Miaka miwili tu ilipita baina ya mfungwa wa mwisho na mtazamaji wa kwanza. Boma la Arusha, walilolijenga Wajerumani kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kusini mwa Tanzania, katika mji wa Newala, lipo pia boma la Wajerumani, nalo lastahili kuulizwa: likifanywa nyumba ya maonyesho, lionyeshe nini?

Kabla ya boma hilo Wamakonde walikuwa na ngome ya namna nyingine. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, mahali ardhi inapokatika ghafula kuelekea bonde la Ruvuma. Juu ni udongo usioweka maji, na zamani ulifunikwa na vichaka vilivyosongamana hata mtu hakuweza kupita ila kwa njia aijuaye mwenyeji. Maji yalikuwa chini, kwenye chemchemi za mteremkoni, na wanawake waliyapandisha vichwani. Mradi wa mabomba haukuja mpaka miaka ya 1950. Mgeni aweza kuyaona maisha hayo kuwa taabu tupu. Lakini Masasi, iliyo chini katika nchi ya wazi yenye milima ya mawe, ilivamiwa na Wangoni, walioitwa Magwangwara, mwezi Septemba 1882. Misheni ya U.M.C.A., iliyoanzishwa hapo na Askofu Steere mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, iliharibiwa, na baadhi ya watu wake wakachukuliwa mateka. Waliokaa juu, pasipo maji, walikaa salama zaidi.

Jambo hilo wageni wenye bunduki walilijifunza kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wareno yalivuka Ruvuma tarehe 19 Septemba 1916, na tarehe 26 Oktoba yakaingia katika boma la Newala. Ilikuwa ushindi mwepesi, na huenda wepesi huo ndio uliowaponza. Mwezi wa Novemba Wajerumani, wakiongozwa na Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari Königsberg, hawakukimbilia kuvunja ukuta. Walishika kwanza mahali pa maji chini ya mji, kisha wakalizunguka boma. Waliokuwa ndani walistahimili siku chache tu, na usiku wa tarehe 28 wakaliacha boma na kurudi ng'ambo ya mto. Ukuta ulikuwa mzima. Kilichowashinda ni kiu. Vitabu vya vita vyawataja maofisa wa pande zote mbili. Askari wa Kiafrika na wapagazi, ambao bila wao hapana jeshi lililoweza kusogea katika nchi ile, hawatajwi ila kwa hesabu. Chumba cha kwanza cha maonyesho kingefaa kuwa na mtungi wa maji na mzigo wa mpagazi kabla ya bunduki yo yote.

Miaka kumi kabla ya vita hiyo alifika Newala mtu wa makumbusho hasa. Karl Weule wa Leipzig alikuwa amekusudia kwenda kaskazini, lakini kwa sababu ya machafuko aligeuziwa njia kuelekea Lindi, na mwaka 1906 alipita Masasi, Newala na Mahuta, akilindwa na askari wa serikali. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeiteketeza misheni ya Masasi mwaka uliotangulia. Weule alinasa nyimbo kwa mashine ya sauti, akapiga picha, akanunua vinyago, ndona za midomoni, na mitete, yaani vikopo vidogo vya mti vyenye vifuniko vya kuchongwa. Alilipa, hilo lisifichwe. Lakini mtu auzaye chombo chake mbele ya askari, mwaka mmoja baada ya vita, hauzi kwa hiari kamili. Vitu hivyo vilikwenda Leipzig, ambako jumba la makumbusho lilishika moto katika mashambulizi ya ndege ya Desemba 1943.

Kinyago cha jando ni shida ya peke yake. Mchezaji wa midimu huvaa uso wa mzimu, na asiyeingia jandoni hakupaswa kujua kwamba ndani yumo mtu. Kukiweka kinyago hicho nyuma ya kioo, kimya, bila nguo wala ngoma, ni kuifunua siri hiyo kwa kila apitaye. Kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na mwezi Mei 2010 kikakabidhiwa tena kwa Tanzania. Katika habari hizo zote walizungumza wakurugenzi na wanasheria. Iwapo siku moja kinyago cha namna hiyo kitapandishwa Newala na kuingizwa bomani, wa kuulizwa kwanza ni wazee wa jando: kionekane na nani, na kigeuzwe upande gani.